Mlango Mmoja wa Kupokea na Kutoa: Uhakiki wa Istilahi za Pini ya Saketi

Miongoni mwa vitu vinavyotakiwa kupewa majina ya Kiswahili katika elimu ya elektroniki, kimo kimoja kidogo mno ambacho majina yaliyopo hayakitoshi. Kitu hicho ni pini ya chipu, ule mguu mwembamba wa chuma unaochomoza ubavuni mwa kijiwe cheusi na kulehemiwa kwenye bodi ya saketi. Pini nyingi zina kazi moja tu tangu zilipotengenezwa: hii huleta umeme wa kuendeshea chipu, ile huunganishwa na ardhi, nyingine hupokea mapigo ya saa. Lakini zipo pini zisizo na upande wa kudumu. Kwa amri moja ya programu, pini ya namna hiyo husikiliza volti inayotoka nje. Kwa amri nyingine, kabla haijatimia sehemu ya milioni ya sekunde, pini hiyo hiyo husukuma nje volti yake yenyewe. Waya ni ule ule na chuma ni kile kile, ila kazi imegeuka.

Yaweza kudhaniwa kwamba kulizungumza jambo hili katika kurasa za lugha ni anasa. Sivyo. Tangu mwaka 2005, ilipoanza kutengenezwa bodi ya Arduino katika mji wa Ivrea nchini Italia, chipu za aina hii zimetoka katika maabara za wachache zikafika mikononi mwa wanafunzi na mafundi wa nchi zote, na Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Mtoto wa Tanzania katika shule ya msingi ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili; akiingia sekondari hugeuziwa lugha; na akienda kujifunza kazi kwa fundi hurejea kwenye Kiswahili, kwa kuwa fundi hafundishi kwa kitabu bali kwa mkono na kwa mdomo. Hapo ndipo neno linapopimwa. Istilahi mbovu ya sarufi huudhi wasomi. Istilahi mbovu ya saketi huunguza chipu, na aliyeinunua chipu hiyo aghalabu ni kijana ambaye hana ya pili.

Majina yanayosikika zaidi ni mawili: pini ya *ingizo* na pini ya *tokeo*. Yalipatikana kwa kufuata maneno mawili ya Kiingereza, nayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana kuwa jozi iliyo sawa. Yakichunguzwa kwa sarufi, usawa huo watoweka. *Ingizo* latokana na *-ingiza*, kitenzi chenye kiambishi cha kufanyiza, kama vile *agizo* litokavyo katika *-agiza*. Basi lina mtendaji ndani yake: yupo aliyeingiza. *Tokeo* latokana na *-tokea*, ambacho hakina mtu aliyetoa chochote. Jambo limetokea tu, kama mvua au ajali. Mwenzake wa *-ingiza* katika Kiswahili si *-tokea* bali ni *-toa*, na kila mtoto mwenye kusema lugha hii ajua hivyo kabla hajajua kusoma. Jozi hii, basi, ni ya mguu mmoja uliovaa kiatu na mwingine ulio mtupu.

Kasoro hii ingekuwa ndogo kama isingepindua maana. Pini inapokuwa katika kazi ya kupokea, yenyewe haitendi neno. Hukaa kimya na kupima volti iliyoletwa na mwingine. Inapokuwa katika kazi ya kutoa, ndiyo inayotenda: transista zake mbili, moja ya kuvuta waya juu hadi volti ya chipu na moja ya kuuvuta chini hadi ardhini, hushindana na chochote kilichoko upande wa pili. Maneno yaliyopo yameweka utendaji mahali pasipokuwapo, na yameuondoa mahali ulipo. Mwanafunzi aambiwaye kuwa pini yake ni ya *ingizo* adhani kwamba pini huingiza kitu; aambiwaye kuwa ni ya *tokeo* adhani kwamba hapo pana jambo litakalojitokea lenyewe. Asiulaumu mtu uelewa wake. Amesikia Kiswahili, akakifahamu kama kinavyosema.

Tena maneno hayo yamekwisha kuwa na kazi nyingine. *Matokeo* ni ya mtihani na ya mchezo wa mpira, na umoja wake hauwezi kuikimbia maana hiyo. Wengine wamejaribu *pembejeo*, neno ambalo limeshikwa barabara na kilimo, likawa la mbegu na mbolea. Mtu akisikia pembejeo ya saketi atatazama kama kuna jembe. Wengine wameacha yote wakasema *pini ya input*, na hao wasichekwe, kwa maana wamekiri kwa vitendo kuwa hawakupewa kitu bora.

Chanzo cha mambo haya si uvivu wa waundaji istilahi. Kazi iliyofanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ilitoa *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990, ni kazi ya kuheshimiwa, na wengi waliofundisha sayansi kwa Kiswahili wameitegemea. Chanzo ni umbo la orodha yenyewe. Orodha ya istilahi ina safu mbili: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili. Neno la kushoto likiwa nomino, la kulia hulazimika kuwa nomino, na linalotafutwa ni neno la kujaza nafasi, si usemi wa kueleza jambo. Lakini Kiswahili hupenda kulisema tendo kwa kitenzi, na uhusiano wa tendo na mahali hukisema kwa minyambuliko na kwa ngeli za mahali. Pini yenye kugeuka ni mahali penye tendo. Kulitafutia jambo hilo nomino mbili zenye kupingana ni kukiacha chombo kizuri cha lugha kabatini na kufanya kazi kwa mikono mitupu.

Iko na kasoro ya pili, nayo haikuanza katika Kiswahili. Jina la upande hutegemea amesimama wapi mwenye kulitaja. Kinachotoka kwa huyu ndicho kiingiacho kwa yule. Mafundi waijua taabu hii katika mawasiliano ya nyaya mbili, ambapo waya wa kupelekea wa chombo kimoja hauna budi kwenda kwenye pini ya kupokelea ya chombo cha pili, na mwanafunzi akiunganisha majina yaliyofanana, chombo hakisemi wala hakisikii. Hapo hasara ni wakati tu. Katika pini yenye kugeuka hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu pande zote mbili zaweza kudhani kuwa zamu ya kutoa ni yake.

Ichukuliwe chipu ya ATmega328P, iliyomo katika bodi ya Arduino Uno. Mtengenezaji ameweka miliampea 40 kuwa mpaka usiovukwa kwa pini moja. Ukinzani wa transista ya pini inapotoa hukadiriwa kuwa ohmu 25 hivi. Pini moja ikivuta waya juu kwa volti 5, na nyingine ikivuta waya huo huo chini, katikati yao zimebaki ohmu 50 tu, na hesabu ya Ohm yatoa miliampea 100. Mpaka umevukwa zaidi ya mara mbili. Fundi mwangalifu huweka risista ya ohmu 1,000 katikati ya pini hizo mbili. Hapo hata zikigombana mkondo hauwezi kuzidi miliampea 5, na ugomvi waisha bila ya moto. Ni dawa ya bei ndogo sana, na ajabu ni kwamba maelezo mengi ya wanaoanza kujifunza huiacha.

Ni neno gani, basi, lililo tayari katika Kiswahili kwa mahali pa kupitia ambapo pande zote mbili ni halali, lakini si kwa mara moja? Jibu la kwanza litolewalo na watu wa pwani ya Kilwa lingeweza kuwa la bahari. Kufika Songo Mnara kutoka Kilwa Masoko ni safari ya chombo, na mwisho wa safari hiyo ni mikoko na maji ambayo saa hii yamejaa na saa nyingine yamepwa. Mlango wa bahari huingiza maji na kuyatoa kwa njia ile ile. Mfano ni mzuri machoni, lakini haufai, nao usikubaliwe kwa sababu ya uzuri wake. Maji hujaa na kupwa kwa mwendo wa mwezi. Hayangoji amri ya mtu. Hayana hali ya kusimama yakisikiliza. Na mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba pini yake hujaa na kupwa, mwanafunzi atangoja pini igeuke yenyewe.

Mlango ufaao ni wa nyumba, na kuutazama vizuri hapana pahali bora kuliko kisiwa hicho hicho. Songo Mnara, kusini ya Kilwa Kisiwani, ni mji wa mawe uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Magofu yake, pamoja na ya Kilwa Kisiwani, yaliandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Ziko nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti, makaburi na ukuta wa mji. Mbao za milango zilikwisha kuoza zamani, lakini fremu zake za matumbawe yaliyochongwa zimebaki mahali pengi, na nyuma yake ngazi pana zashuka hadi kwenye ua. Kilichobaki, kwa hiyo, ni mlango bila ya ubao: mahali pa kupitia penyewe.

Kwa muda mrefu nyumba ya mawe ya Waswahili ilielezwa kuwa ni ngome ya faragha, ambayo kila hatua ya kwenda ndani ni hatua ya kutengwa na watu. Stephanie Wynne-Jones, katika makala yake ya mwaka 2013 juu ya maisha ya hadhara ya nyumba za mawe za karne ya 14 na ya 15, aliyoitegemeza juu ya Songo Mnara, alionyesha kuwa maelezo hayo hayatoshi: nyumba hizo zilikuwa pia mahali pa kazi na pa shughuli na watu wa nje. Hoja yake ni ya mambo ya kale, si ya lugha. Hata hivyo yagusa neno linalozungumzwa hapa, kwa maana mlango wa nyumba kama hiyo hauwezi kuitwa mlango wa kuingilia wala mlango wa kutokea. Ni mlango tu. Nani apite, na kwa upande gani, huamuliwa kila mara na aliye ndani.

Katika kisiwa hicho hicho umepita mfano wa kinyume chake, nao wasaidia kupima. Kate Welham na wenzake, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014, waliipima ardhi ya Songo Mnara kwa vyombo vya sumaku na vya umeme-sumaku ili kuona bila ya kuchimba yaliyomo chini ya viwanja vilivyo wazi. Katika chombo cha umeme-sumaku, koili moja hutoa mawimbi kwenda ardhini, na koili nyingine hupokea yanayorudi. Kila mlango una kazi yake ya daima. Kwa chombo cha namna hiyo hata majina yaliyokosolewa hapo juu yasingeleta madhara, maana jina na kitu havitengani. Madhara huanza pale kitu kigeukapo na jina likabaki pale pale.

Mapendekezo yafuatayo yatokana na hayo. Neno *pini* libaki kuwa jina la mguu wa chuma, kwa kuwa limekwisha kuzoewa na halina kosa. Kazi ya pini hiyo iitwe *mlango*. Upande usiwe sehemu ya jina, bali uwe *hali*: mlango uko katika hali ya kupokea, au mlango uko katika hali ya kutoa. Vitenzi *-pokea* na *-toa* vyote viwili humtazama aliye ndani ya nyumba, yaani chipu, na kwa hiyo havimwachi msikilizaji akijiuliza amesimama upande gani. Kimoja ni cha mtu aliyenyosha mkono na kungoja, cha pili ni cha mtu atendaye, sawasawa na zinavyofanya transista.

Sarufi ya mahali yaongeza faida ambayo Kiingereza hakina kwa wepesi huo. Bibi E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, aliziweka wazi ngeli za *pa*, *ku* na *mu* na tofauti za maana zake. Msemaji wa Kiswahili aweza kusema *mlangoni mwaingia umeme* au *mlangoni mwatoka umeme*, na kiima cha sentensi zote mbili ni mahali. Mahali hapo hapakufanywa mtendaji wala mtendewa. Pametajwa tu kuwa ndipo tendo lipitiapo. Mwalimu mwenye kutumia usemi huu aweza kueleza saketi nzima pasipo kulitaja neno *ingizo* hata mara moja.

Manufaa ya *mlango* hayaishii katika jina, kwani neno hilo huja na jamaa zake. Wa kwanza ni *kizingiti*. Chipu haipokei volti yoyote na kuiita 1 au 0, inayo mipaka. Kwa ATmega328P inayoendeshwa kwa volti 5, chochote kisichozidi volti 1.5 ni 0 kwa hakika, na chochote kisichopungua volti 3.0 ni 1 kwa hakika. Kilichoko katikati hakina ahadi. Fremu ya mlango wa Kiswahili nayo ina vizingiti viwili, cha chini na cha juu, na hakuna mtoto wa pwani asiyevijua. Wanafizikia wametumia *kizingiti* kwa maana ya mpaka wa chini peke yake. Kumbe neno lilikuwa na jozi yake tangu zamani, na jozi ndiyo itakiwayo hapa: kizingiti cha chini volti 1.5, kizingiti cha juu volti 3.0. Ni nadra istilahi kupatikana imekwisha kuchongwa hivi.

Wa pili ni *hodi*. Kipo kihisio cha joto na unyevu kiitwacho DHT11, kinachopatikana kwa bei nafuu na kutumiwa sana katika mafunzo. Kina waya mmoja tu wa habari, na waya huo hupita pande zote mbili. Chipu huanza katika hali ya kutoa: huvuta waya chini kwa muda usiopungua milisekunde 18. Kisha huuachia na kugeuka kuwa katika hali ya kupokea. Kihisio, baada ya kungoja maikrosekunde 20 hadi 40, huvuta waya chini kwa maikrosekunde 80, huuachia kwa maikrosekunde 80 nyingine, halafu hutoa biti 40 za habari moja baada ya moja. Kila biti hutanguliwa na kimya cha maikrosekunde 50. Na kinachoitenga 0 na 1 ni urefu wa sauti ifuatayo, maikrosekunde 26 hadi 28 kwa 0, na 70 kwa 1.

Vitabu vya Kiingereza hulifananisha jambo hili na kupeana mikono. Lakini wanaopeana mikono hutenda pamoja kwa wakati mmoja, na katika waya wa DHT11 kutenda pamoja ndilo kosa lenyewe. Hodi ni sahihi zaidi. Mgeni hupiga hodi, hunyamaza, hungoja. Aliye ndani huitika karibu, ndipo maneno yafuate. Anayepiga hodi mfululizo bila ya kunyamaza hawezi kusikia kwamba amekaribishwa, na programu iliyosahau kuugeuza mlango wake baada ya milisekunde 18 imo katika hali hiyo hiyo: yaendelea kupiga hodi huku kihisio chaitika, na waya wagombaniwa.

Hapa yafaa kusema neno juu ya *kuachia*, maana wengi hulipita. Mtu hudhani kwamba mlango una hali mbili zilizo sawa kwa uzito, kupokea na kutoa, na kwamba amri ya kugeuza hufunga moja na kufungua nyingine. Ndivyo jozi ya *ingizo* na *tokeo* inavyofundisha. Ndani ya chipu mambo si hivyo. Kinachowashwa na kuzimwa ni transista za kutoa tu. Sikio la pini, katika matumizi ya kawaida, halizibwi: hata inapotoa, programu yaweza kuisoma volti iliyopo kweli kwenye waya, na fundi mjuzi hutumia njia hiyo kugundua ugomvi, kwa kutoa 1 na kuona kwamba waya unasoma 0. Kupokea, basi, si kazi inayoanzishwa. Ni kinachobaki pini ikisha kuuachia waya. Kwa sababu hiyo kitenzi *-achia* chastahili kuwamo katika istilahi, tena mbele ya *-pokea*.

Mlango ulioachiwa na usio na mtu upande wa pili hautulii. Waya wake, usiovutwa juu wala chini, huchukua kila kishindo cha umeme kilicho jirani, na programu husoma 0 na 1 ovyo. Kiingereza husema kwamba pini hiyo yaelea. Tafsiri ya neno kwa neno hupotosha, kwa kuwa kwa mtu wa pwani kilichoelea ni kizima na hakina shida; kilichozama ndicho chenye shida. Baharia wa Kilwa angesema *inapepea*, kama tanga lililoachiwa demani, na angefahamika mara moja kuwa pana jambo la kurekebishwa. Dawa yake ni risista ya kuvuta juu, ambayo katika chipu iliyotajwa imo ndani kwa ndani, ya ohmu 20,000 hadi 50,000. Ni mvuto mdogo, usiofika robo tatu ya miliampea hata kidogo, kwani kwa volti 5 haupiti robo moja. Watosha kulituliza tanga, lakini hauwezi kumshinda yeyote atakayelivuta kwa makusudi.

Pana jambo jingine la kumvutia mwanaisimu, nalo ni jinsi watengenezaji wenyewe walivyoliandika jambo la upande. Katika chipu za ukoo wa AVR, ambamo ATmega328P imo, kila pini ina biti moja katika rejista ya mwelekeo. 1 maana yake toa, na 0 maana yake pokea. Katika chipu za PIC biti ya namna hiyo ipo, lakini 1 maana yake pokea na 0 maana yake toa. Chipu ya Intel 8255 nayo hufuata desturi hiyo ya pili. Tarakimu ni zile zile, kazi ni ile ile, maana zimepingana. Hapana mfano safi kuliko huu wa kumwonyesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuwa alama haina ukoo na maana yake. Desturi ya pili ina kikumbusho: 1 yafanana na herufi I na 0 yafanana na herufi O, herufi za kwanza za maneno mawili ya Kiingereza. Kikumbusho hicho hakimsaidii mwenye kufikiri kwa *kupokea* na *kutoa*, na asidanganywe kwamba kinamsaidia. Kwake ni bora desturi ya AVR, ambayo yaweza kusomwa kuwa 1 ni kutenda na 0 ni kutotenda, maelezo ambayo ni ya kweli kwa lugha zote.

AVR nayo ina neno lake lenye maana mbili. Biti ya rejista ya pili, mlango ukiwa katika hali ya kutoa, husema volti gani itolewe. Mlango ukiwa katika hali ya kupokea, biti hiyo hiyo huwasha au kuzima risista ya kuvuta juu. Muktadha ndio uamuao, kama katika *kaa* la moto na *kaa* wa pwani. Matokeo yake ni kwamba mlango hauwezi kutoka katika hali ya kuachia kamili hadi kutoa 1 kwa hatua moja. Hauna budi kupitia ama hali ya kuvutwa juu, ama hali ya kutoa 0. Mbunifu huchagua njia. Kama kifaa cha upande wa pili kitadhurika kwa 0 ya ghafula, ataweka kwanza volti, kisha atageuza mwelekeo, ili kitu cha kwanza kupita mlangoni kiwe ndicho kilichokusudiwa. Kwa Kiswahili cha kufundishia sheria hiyo yaweza kuandikwa kwa maneno manne: tayarisha kwanza, fungua baadaye.

Hoja ya kupinga *mlango* haikosekani. Neno limekwisha kubeba mengi: mlango wa nyumba, mlango wa bahari, na katika vitabu vya kale hata sura ya kitabu. Aidha wapo wanaolitumia kwa kundi zima la pini nane zinazotawaliwa na rejista moja. Hoja ya kwanza haina uzito, maana wingi wa maana haujapata kuliua neno ambalo kila moja ya maana zake ina mahali pake. Hoja ya pili ni ya haki. Ikiwa kundi la pini nane litahitaji jina, lisinyang'anye la pini moja. *Safu ya milango* yatosha, na hasara yake ni silabi chache tu.

Linalobaki bila jibu ni waya wa watu wengi. Mwaka 1982 kampuni ya Philips ilitoa utaratibu wa I2C, ambao kwao vyombo vingi hushirikiana nyaya mbili. Pini za vyombo hivyo haziruhusiwi kuvuta juu hata siku moja; risista ya pamoja huvuta juu, na kila chombo chaweza tu kuvuta chini au kuachia. Kwa hiyo wawili wakitenda pamoja hapana kiunguacho, na wote husikia lililosemwa. Hapo *mlango* hautoshi tena, kwa sababu hakuna nyumba moja yenye kuamua. Kinachohitajiwa ni jina la mahali wanapokaa wengi, ambapo yeyote aweza kunena na kila mmoja husikia. *Baraza* laweza kufaa, lakini kwanza itazamwe kama maana yake ya halmashauri haitamwelekeza mwanafunzi kumtafuta mwenyekiti: katika utaratibu wa I2C mwenye kuongoza mazungumzo yupo, ila katika saketi nyingine uongozi huo hupokezanwa.